Ukitaka maoni yako kuhusu kanuni za wanyamapori yasomwe

Tangazo la kukaribisha maoni kuhusu kanuni za wanyamapori likitoka, watu wa Mombasa huwa na mengi ya kusema, na mengi hayo hupotea. Si kwamba ni ya uongo. Afisa anayeyapanga ana jedwali mbele yake: kifungu gani, kinasema nini, mtoa maoni anataka kisomeke vipi, na kwa nini. Barua ya kurasa tatu inayosema wavuvi wametupwa, hata iwe ya kweli kiasi gani, haina pa kuingia humo.

Kwanza pata rasimu yenyewe. Kipande kilichosambazwa WhatsApp hakitoshi, maana mara nyingi ndicho kilichokatwa sehemu ya maana ya maneno. Gazeti Rasmi la Serikali kwa kawaida hutoka Ijumaa. Lisome hapo, kisha uiweke rasimu kando ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kanuni haina ruhusa ya kuvuka mipaka ya sheria iliyoizaa, na kuonyesha mahali ilipovuka ni hoja nzito kuliko machozi. Uliza pia taarifa ya athari. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inataka taarifa hiyo iandaliwe pale kanuni inapoelekea kuwatwika wananchi gharama kubwa, ikieleza faida, hasara na njia mbadala. Ukiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaweza kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Muda wa maoni huweza kuwa mfupi kuliko huo, basi peleka ombi siku ya kwanza, na katika maoni yako taja tarehe uliyoomba.

Sehemu ya maana ya maneno isome mara mbili kabla ya nyingine yoyote. Hapa kwetu neno moja linaweza kufunga bahari. Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ina kilomita za mraba 10 hivi, na humo havuliwi kitu. Hifadhi inayoizunguka ina takriban 200, na humo uvuvi wa kienyeji wa madema na mishipi unaruhusiwa. Watu wengi huziita zote mbili "hifadhi". Mtu mwenye nia njema akiandika "uvuvi upigwe marufuku hifadhini", akimaanisha ile mbuga, ameomba mvuvi wa Bamburi anyang'anywe eneo kubwa mara ishirini. Andika jina kamili kila mara, hata kama linachosha.

Ukishapata kifungu, pendekeza maneno ya kukiingia. Tuseme rasimu inasema taa za ufuoni "zipunguzwe ipasavyo" katika msimu wa kasa kutaga. Ipasavyo kwa nani? Andika: "taa yoyote inayoonekana kutoka mchangani izimwe au izibwe upande wa bahari." Sababu yake iwe fupi: kasa wachanga wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, na taa za hoteli huwavuta kuelekea barabarani badala ya majini. Au tuseme inafunga kipande cha ufuo siku 30 baada ya kiota kuonekana. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, kwa hiyo kifungu hicho kinawatesa wapita njia na hakimlindi kasa. Omba siku zinazofika mpaka vifaranga watoke.

Ushahidi wako bora ni ule ambao Nairobi hawana. Rekodi za BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, zenye tarehe, jina la mahali kama wavuvi wanavyopaita, bamvu (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), msimu wa kusi au wa kaskazi, aina ya chombo, ukubwa wa macho ya wavu, idadi ya kasa walionaswa na wangapi walirudishwa hai. Kurasa mbili za daftari zilizopigwa picha vizuri zinatosha. Usikisie idadi, tarakimu moja ya kubuni ikigundulika, hata zile za kweli hutiliwa shaka.

Waraka wenyewe usizidi kurasa tatu. Juu weka jina la rasimu kama lilivyochapishwa, jina lako au la kikundi, na unavyohusika: mvuvi, mwenye boti ya watalii, mkazi wa karibu na mkondo wa Tudor. Kisha jedwali. Watu mia wakitia sahihi waraka mmoja wenye hoja zao, ni nguvu. Waraka huohuo ukinakiliwa na kutumwa mara mia huhesabiwa kama hoja moja, na humchosha msomaji. Ukiupeleka kwa mkono, ondoka na nakala iliyogongwa mhuri na tarehe. Kwa barua pepe, tuma kabla ya siku ya mwisho na uombe wathibitishe wamepokea.

Kwenye kikao cha hadhara utapewa dakika chache tu. Taja kifungu, soma maneno unayopendekeza, toa sababu moja, kabidhi karatasi. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Kanuni zikishachapishwa, kazi haijafungwa. Lazima zifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo zinapoteza nguvu, na kamati inayochunguza kanuni huweza kupendekeza zifutwe. Mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilisema kushirikisha umma kuwe kwa kweli, kusiwe kwa kutimiza wajibu tu. Kamati hiyo ndiyo ya kupelekea nakala yako yenye mhuri, pamoja na orodha ya vifungu ulivyovitolea maoni na vikabaki vilevile bila maelezo.