Shangazi, nimebadilisha nywila mara tatu na bado wanaingia

Shangazi, shikamoo. Kwa wiki kadhaa sasa nyumba yetu haina amani. Barua pepe ya mume wangu imetuma ujumbe ambao hakuuandika, WhatsApp ya binti yetu imewaomba marafiki zake pesa, na simu yangu inaisha chaji upesi mno. Nimebadilisha nywila zote mara tatu. Mume wangu anasema mdukuzi ni kijana wetu wa miaka 16, kwa kuwa ndiye mjuzi wa kompyuta hapa ndani. Mtoto anakana, baba hasikii. Nifanye nini?
Mama Nisiyelala

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo kijana. Baba yake ameshikilia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kweli kuna nyumba ambazo mdukuzi ni wa ndani. Lakini katika yote uliyoniandikia sioni hata moja linalomgusa. Kujua kompyuta si ushahidi. Wanaoteka WhatsApp na kuomba pesa kwa kawaida ni matapeli wa mbali, na wala hawahitaji ujuzi mkubwa: hujifanya rafiki au mtoa huduma, wakamwomba mtu awasomee namba "iliyotumwa kwake kimakosa". Namba hiyo ni tarakimu 6 za uthibitisho zinazotumwa na WhatsApp, nazo ndizo zinazofungua akaunti. Muulize binti yako kama aliwahi kumpa mtu namba ya hivyo, na umuulize kwa upole, maana akiogopa atanyamaza.

Sasa nywila. Ulizibadilishia kwenye simu hiyohiyo unayoishuku? Kama ina programu ya upelelezi, kila nywila mpya inaweza kusomwa unapoiandika. Na je, ulianza na barua pepe? Kule ndiko hutumwa viungo vya "nimesahau nywila" vya akaunti nyingine karibu zote. Aliyekaa ndani ya barua pepe hashtushwi na nywila yako mpya ya Facebook. Ataomba nyingine na kuipokea yeye.

Basi tafuta kifaa usichokitilia shaka, hata cha kuazima kwa ndugu unayemwamini, muingie kwenye barua pepe ya mume wako. Kabla ya nywila, angalieni namba ya simu na anwani za kurejeshea akaunti: ni zenu? Kisha ingieni kwenye mipangilio ya barua mtazame kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala, au kichujio kinachoficha barua fulani. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mwizi akishaweka mpango huo, utabadilisha nywila mpaka uchoke na nakala zitaendelea kumfikia. Futeni. Ndipo muweke nywila ndefu isiyotumika kwingine kokote. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni imara kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha muwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila anayeingia hudaiwa pia namba ya uthibitisho. Programu ya kutoa namba za uthibitisho ni salama kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli anaweza kuilaghai kampuni ya simu ikamhamishia laini yako. Namba za akiba mtakazopewa, za kuingilia siku simu ikipotea, ziandikeni kwenye karatasi. Mkimaliza, fanyeni vivyo hivyo kwa barua pepe yako, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii.

WhatsApp ina njia yake. Binti aisajili upya kwa namba yake. Akiingiza tarakimu 6 atakazotumiwa, aliyeiteka anatolewa. Akidaiwa PIN asiyoijua, mwizi ndiye aliyeiweka, na itambidi asubiri siku 7, ila siku hizo mwizi naye yuko nje. Akishaingia, afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa, aondoe asichokijua, aweke PIN yake mwenyewe.

Chaji kuisha haraka hakunitishi sana. Mara nyingi ni betri iliyochoka. Lakini kagua programu zilizomo, hasa zilizopewa ruhusa ya ufikivu (Accessibility, inayoiwezesha programu kusoma skrini) au usimamizi wa kifaa, kwa kuwa za upelelezi hupenda ruhusa hizo. Sasisha mfumo wa simu. Shaka ikibaki, hifadhi picha na namba za watu, ifute simu yote irudi ilivyotoka kiwandani, na usakinishe programu mojamoja kutoka duka rasmi. Utaambiwa pia ubonyeze *#21# uone kama umedukuliwa. Hiyo huonyesha tu kama simu unazopigiwa zinaelekezwa kwa namba nyingine. Si kipimo cha udukuzi.

Kwa msomaji mwingine ambaye anayemshuku ni mwenzi mwenye ukali: usiifute programu ya upelelezi kabla ya kuzungumza na watu wanaosaidia waathirika wa ukatili, na zungumza nao kwa simu isiyo yako. Ikitoweka ghafla, atajua umegundua, na ushahidi utapotea nayo.

Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachowapa intaneti, ibadilishieni nywila mbili: ya Wi-Fi, na ile iliyokuja nayo ya kuingilia mipangilio yake. Inatosha.

Kazi hii mwiteni kijana aifanye nanyi, waziwazi, sebuleni. Aeleze, nanyi muandike nywila zenu wenyewe bila yeye kutazama. Hilo linamlinda yeye pia, siku nyingine likitokea jambo. Na baba yake amwambie kwa kinywa chake kwamba alimshutumu bila ushahidi, mbele ya dada yake, kama shutuma nazo zilitolewa mbele yake.

Marafiki wa binti wapigieni simu leo, msiwaandikie, maana ujumbe wa maandishi kutoka kwake hawatauamini tena. Aliyetuma pesa aripoti benki au kwenye huduma aliyotumia sasa hivi, asingoje kesho. Muamala ukiwahiwa, huenda ukazuiliwa.