Klabu za kutafutia marafiki mjini: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Umehamia mji usio na ndugu wala mtu uliyesoma naye, unawajua watu wa kazini tu, ulienda kwenye ile hafla kubwa ya kujuana ukarudi na namba kibao za simu, na hakuna hata mmoja aliyekutafuta tena. Sasa unauliza kama kujiunga na klabu kunasaidia kweli au ni kupoteza muda, na kama ni vizuri umwombe mwenzako wa ofisini akusindikize.

Wadau wengi hapo juu wamekuambia "jichanganye tu". Ujichanganye na nani, wapi, mkifanya nini? Mimi kazi yangu imenihamisha miji kadhaa, na marafiki nilio nao leo ambao si ndugu wala si wa kazini, karibu wote niliwapata kwenye klabu. Kwa hiyo zinasaidia. Ila kabla hujauliza klabu inahusu nini, uliza maswali mawili: nikirudi wiki ijayo nitawakuta walewale? Na je, kuna kazi nitakayopewa, au nitakaa tu kuangalia?

Ile hafla yako ilifeli hapo kwenye swali la kwanza. Watu mia wasiojuana, kila mmoja kaja na jina na cheo chake, mnasalimiana, mnapeana namba, mnatawanyika. Ukienda tena unakuta wengine, unaanza upya na "wewe unajishughulisha na nini?" Hakuna mazungumzo yanayoendelea kutoka pale yalipoishia.

Na urafiki unakula muda, mkuu. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, alichapisha utafiti mwaka 2018 akijaribu kukadiria ni saa ngapi. Alipata kwamba mtu unayemfahamu tu huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja kuwa rafiki wa kawaida, kama saa 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu. Sehemu ya aliowahoji walikuwa watu waliohamia makazi mapya ndani ya miezi sita iliyotangulia, yaani watu wa hali yako kabisa. Sasa piga hesabu. Klabu inayokutana saa mbili kila wiki inakufikisha kwenye saa 50 baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Inayokutana mara moja kwa mwezi itakuchukua zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo klabu ya kila mwezi, hata iwe nzuri namna gani, isiwe ya kwanza kwako. Na ukikaa wiki tatu ukaona hakuna rafiki, usiseme watu wa mji huu wana roho mbaya. Hesabu haijatimia tu.

Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito sawa na saa za kupumzika pamoja. Hapo utaelewa kwa nini unashinda na watu wa ofisini kutwa nzima na bado unajiona mpweke.

Usione haya na huo upweke. Rotary, ule mtandao wa klabu za hisani ambao wengi wanauona ni wa wazee wenye nafasi zao, ulianzia hapohapo. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alikuwa mwanasheria aliyehamia Chicago mwaka 1896, akawa na wateja na watu wa kufahamiana nao kikazi, lakini alikumbuka ujirani wa mji mdogo aliokulia. Februari 1905 akakutana na wenzake watatu wa shughuli tofauti, na mikutano ikawa inazunguka ofisi ya huyu na ya yule. Ndipo jina lilipotoka, maana kwa Kiingereza "rotary" ni kitu kinachozunguka. (Wanawake walisubiri mpaka 1989 ndipo kanuni ikabadilishwa wakaruhusiwa kuingia kila mahali. Niliona niliseme na hilo, lisije likasahaulika tukisifia.) Shughuli kubwa za hisani zilikuja baadaye. Kilichoanza ni mtu mgeni mjini aliyetaka wenzake.

Sasa lile swali la pili, la kupewa kazi. Mimi si mtu wa kuanzisha maongezi. Nikiwekwa katikati ya ukumbi na glasi mkononi naanza kusoma maandishi ya ukutani. Kilichoniokoa ni klabu ya kuzungumza mbele ya watu, hizi za Toastmasters, ambazo zipo kwenye miji mingi duniani. Kule kila mkutano una majukumu: kuna mtunza muda, kuna mwangalizi wa lugha, kuna hata mtu anayehesabu "aaa" na "eee" zako. Nilipewa kutunza muda. Kwa hotuba ya dakika tano hadi saba unaonyesha kadi ya kijani ikifika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba, na baada ya hapo mzungumzaji ana nusu dakika tu ya kumalizia. Jamaa mmoja alikuwa anasimulia habari za baba yake, kanogewa kweli. Nikainua nyekundu, akaniangalia, akaendelea. Nikabaki nimeinua kadi mpaka mkono ukaanza kutetemeka, ukumbi mzima ukaanza kucheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mkutano ulipoisha alikuja moja kwa moja kwangu: "Nimezidisha ngapi?" Nikamwonyesha saa. Tukasimama pale mlangoni tukiongea habari za baba zetu mpaka mlinzi akatuomba tutoke. Yule leo ni mtu naweza kumpigia usiku wa manane.

Angalia vizuri kilichotokea. Sikumfuata mtu. Ile kadi ndiyo iliyonipa sababu ya kuwa pale na ikampa yeye sababu ya kunifuata. Ndiyo maana nakusisitiza, hasa wewe uliyesema una aibu: usiingie kama mtazamaji. Omba jukumu dogo mapema. Kwenye kwaya, panga viti na kugawa karatasi za nota. Kwenye klabu ya vitabu, kuwa mwenye kukumbusha watu sura inayofuata. Kama unapenda mbio, kuna parkrun, iliyoanza mwaka 2004 Bushy Park, London, na wakimbiaji 13, na sasa iko nchi nyingi: kilomita 5, Jumamosi asubuhi, bure, ikiendeshwa na wanaojitolea. Ukikimbia, unaweza kumaliza na kuondoka bila kusema neno na mtu. Ukijitolea, kwa mfano kuwa yule anayetembea nyuma ya wote ili asiwepo mshiriki anayejiona wa mwisho, una dakika nyingi za kuongea na watu wasio na haraka. Mimi naona hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote pale.

Tena wahi. Wageni wengi hufanya kinyume: wanachelewa makusudi ili wasikae kizembe, wakifika wanakuta vikundi vimeshajifunga. Ukifika dakika kumi na tano kabla, mko watatu, meza haijapangwa, na mtu atakuomba ushike upande ule. Mazungumzo ya maana kwenye klabu yoyote yako kabla ya ratiba na baada yake. Katikati ni shughuli.

Watu wengi hukwama kwenye hatua inayofuata. Unamjua mtu miezi minne, mnacheka vizuri, lakini mkitoka pale kila mtu na njia yake. Huyo bado ni mwanaklabu mwenzako. Lazima mmoja wenu amtoe mwenzake nje ya klabu, na kwa kuwa wewe ndiye unayehitaji, anza wewe. Usiseme "tutafutane siku moja," maana siku moja haipo kwenye kalenda. Sema: "Jumamosi saa nne naenda kuangalia maonyesho fulani, twende?" Kitu chenye siku, saa na mwisho wake, ambacho utakifanya hata akikataa. Akikataa mara ya kwanza mpe nafasi nyingine baada ya wiki kadhaa. Akikataa tena bila kupendekeza siku yake, mwache kwa amani, mtaendelea kusalimiana vizuri tu.

Kuhusu kundi la WhatsApp la klabu, usilitegemee. Ni la matangazo na salamu za siku ya kuzaliwa. Nimeona watu wanaandika humo kutwa na hawajawahi kukaa meza moja.

Tahadhari kidogo. Kuna vinavyojiita klabu na ni mtego wa biashara: kikao cha pili unaanza kuelezwa "fursa" na kuambiwa ulete watu wawili chini yako. Ondoka, usibishane nao. Klabu inayotaka ada kubwa kabla hujahudhuria hata mara moja, ruka. Zenye nidhamu hukukaribisha uje kama mgeni kwanza. Dada zetu watakaosoma hapa: mikutano ya mwanzo iwe ya mahali pa wazi, na mtu anayetaka namba yako kabla ya jina lako unamjua alichofuata. Na kuna klabu ambazo hazina ubaya wowote ila zimeshajaa: wenyewe wamejuana miaka na miaka, utani wao wote ni wa zamani, hawaulizi mgeni chochote. Hiyo ipe kama miezi miwili ya kuhudhuria bila kukosa, na kama bado wewe ni fenicha, hamia nyingine.

La mwenzako wa ofisini: mara za kwanza nenda peke yako. Najua inatisha, lakini mkienda wawili mtakaa pamoja, mtaongea habari za bosi wenu, na watu wataona mmetosheka. Mgeni aliye peke yake hufuatwa. Baada ya miezi mitatu, ukishajua majina na una jukumu lako, mlete, na wewe ndiye utakayemtambulisha. Ukishachagua klabu rudi hapa utuambie inakutana siku gani na ina majukumu gani, tukusaidie kuchagua la kuanzia.