Barua kwa mwanangu: kwa nini sikukufundisha nota

Bukoba, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, pale unaposema mjukuu wangu amerudi na filimbi ya shule na karatasi ya nota, akakuambia “Mama, nisomee,” nawe ukabaki umeikodolea macho. Mara ya pili sikucheka. Uliniuliza hivi: “Mama, nusu ya Bukoba umeifundisha nota. Sisi watoto wako watatu, hakuna hata mmoja anayejua do inakaa wapi. Kwa nini?”

Nilitaka kukupigia palepale, nikajua nitaanza kujitetea. Kwenye karatasi nikijitetea naweza kukata mstari.

Majibu mepesi ninayo. Asubuhi shuleni, darasa la watoto sabini. Jumanne kwaya ya vijana, Alhamisi kwaya kuu, Jumamosi wote pamoja hadi giza liingie. Nikifika nyumbani koo limekauka, ndiyo maana mlizoea kuniona napika kimya. Na kinanda kilikuwa mali ya usharika, kimefungwa kufuli, ufunguo unakaa kwa mzee wa kanisa ambaye hata mimi ilibidi nimbembeleze.

Lakini wewe si mtoto tena, na mimi najua kwamba nota za do-re-mi hazihitaji kinanda. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolipenda kule Butimba, chuo cha ualimu cha Mwanza. Nilivuka ziwa usiku na meli ya MV Victoria, sanduku la bati miguuni, nikidhani naenda kujifunza kupiga vinanda. Wiki ya kwanza mkufunzi akachora herufi ubaoni: d, r, m, f, s, l, t. Akatuambia aliyeanza kufundisha kwa herufi namna hiyo alikuwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyetaka watoto waimbe zaburi bila kuhangaika na ile mistari mitano inayoandikiwa nota. Mchungaji John Curwen akazichukua miaka ya 1840, akazirekebisha, na wamisionari wakazibeba mpaka Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni kule Afrika Kusini, alitunga kwa herufi hizohizo, mwaka 1897, wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Hakuhitaji kinanda cha mtu. Chaki na ukuta vinatosha. Ukuta tulikuwa nao, na chaki nilirudi nayo kila siku kwenye nywele.

Sasa jibu lenyewe. Kaka yako ndiye niliyeanza naye. Akiwa na miaka mitano alikuwa anasoma nota kabla hajajua kusoma “baba”. Nilijivuna sana, Mungu anisamehe. Kila mgeni aliyeingia nilimwitia mtoto aje aimbe. Alipofika miaka tisa nikampa kuongoza beti Jumapili ya Pasaka, katika Mfurahini Haleluya, ule aliouandika Mchungaji Bernard Kyamanywa mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia Makumira, kwa lahani yetu ya Kihaya. Ni wimbo ambao bibi zetu huku wanauitikia wamefumba macho. Beti ya pili akaanzia juu mno. Akafika mahali sauti haifiki, ikapasuka.

Mwalimu mwingine angeacha kwaya imbebe. Ndivyo ninavyowafundisha walimu vijana hadi leo: mtoto akipotea, kwaya iingie kwenye kiitikio, watu hata hawatajua. Mimi nikainua mkono, nikaisimamisha kwaya nzima mbele ya usharika uliojaa hadi nje, nikasema, “Rudia.” Watu wakacheka, si kwa ubaya, ila wakacheka. Akarudia, na safari hii akaiimba vizuri kabisa. Tangu siku ile hajawahi kuimba tena mbele yangu. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kukumbuka.

Angekuwa mtoto wa jirani nisingefanya vile. Wa jirani nilimpenda kwa kiasi, naweza kumsubiri. Wangu nilitaka awe ushahidi kwamba mimi ni mwalimu. Baba yenu, alale salama, aliniambia usiku ule maneno machache tu: “Kanisani una wanafunzi mia. Hapa nyumbani tuachie mama.” Nikatii. Nadhani nilitii kupita kiasi. Niliondoa muziki mezani kabisa, nikaupeleka wote kanisani, nikajiambia kwamba nikiwatunza watoto wa wenzangu Mungu atawatunza wangu. Utumishi ni kitu kizuri, lakini ni mahali pazuri pia pa kujifichia. Watu hawamuulizi mtu anayetoka mazoezi ya kwaya alikuwa anakimbia nini nyumbani.

Kaka yako nilimwomba msamaha, ila nilichelewa mno, ana watoto tayari. Akasema, “Mama, yale yamepita.” Akanibadilishia mada, tukaongea habari za kahawa.

Kuhusu wewe, hata hivyo, kuna jambo hulijui. Unakumbuka mlivyokuwa mkilala kwenye kitenge chini ya benchi wakati wa mazoezi? Wewe kitenge chako nilikitandika siku zote nyuma ya alto. Alto nilikaa nao karibu kwa sababu ndio wagumu. Soprano wakipaza tu, alto wanavutwa, wanawafuata. Basi miaka sita ulilala pale ukisikia sauti ya pili ikirudiwa mpaka ishike. Siku tuliyomzika baba yenu, kaburini, kila mtu alikuwa kwenye sauti ya kwanza kwa kilio. Nikasikia alto nyuma yangu, imetulia, haikuyumba beti zote nne. Nikageuka, ni wewe, unalia na unaimba. Sikukwambia kwa sababu sikuwa na sauti, halafu mwaka ukapita, halafu ikawa aibu kukwambia baada ya mwaka.

Haya, filimbi. Karatasi yake iwekeni pembeni kwanza. Mkono wa kushoto uwe juu. Dole gumba lizibe tundu la nyuma, kidole cha shahada kizibe la kwanza mbele: hiyo iite mi. Aongeze kidole cha kati: re. Aongeze cha pete: do. Nota tatu tu, wiki nzima. Apulize kama anayetamka “tu” taratibu. Ikilia kama jogoo, pumzi imezidi. Wewe mwimbie mi-re-do kabla hajapuliza. Unaweza, usinibishie. Na kama hataki, filimbi irudi kwenye mkoba.

Senene nimekaanga, nimewafunga kwenye ndoo ndogo ya bluu, basi linaondoka kesho alfajiri. Nipigie Jumamosi jioni nimsikie. Siku hizi Jumamosi sina mazoezi.

Mama yako