Vidole vinakufa ganzi: ni usukani au siti?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva bodaboda hapa Makambako, nina miaka 27 na urefu wa sentimita 193. Naendesha Boxer 150. Nikishinda barabarani, jioni mabega yanauma, mgongo umejikunja, na kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Nikikata kona fupi usukani unanigonga goti. Fundi wa hapa kijiweni anataka aukate usukani, auchomelee vipande vya bomba uje juu inchi tatu. Wenzangu wanasema ninunue mpana kama wa pikipiki za porini. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. La kwanza kabisa, usikubali usukani uchomelewe. Bomba lile ndilo linalokushika unapofunga breki ya ghafla na abiria mgongoni. Moto wa weldi hukibadilisha chuma pale pembeni ya mshono, na nyufa huanzia hapohapo. Ufa wenyewe hutauona, maana utakuwa umepakwa rangi.

Umefanya vizuri kutaja vidole. Ganzi ikishika kidole kidogo na cha pete, mara nyingi mshipa wa fahamu unaopita ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, ndio unaobanwa. Hubanwa mtu anapoegemea usukani kwa kitako cha kiganja. Kingekuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, ningeshuku zaidi kifundo cha mkono kilichokunjwa muda mrefu. Kwa hiyo wewe unailalia mikono yako, na mkono wa kulia ndio hauna mapumziko kwa sababu ndio unaoshika mafuta.

Sasa niambie ukweli: unapiga mshikaki? Ukipakia wawili, mtu wa urefu wako anasukumwa mpaka kwenye tenki. Magoti yanapanda, viwiko vinakosa nafasi, na usukani ule ambao ungekutosha unakuwa umekukaa kifuani. Sheria inataka abiria mmoja, na mwili wako unataka hivyohivyo. Kaa nyuma kadiri siti inavyoruhusu, uone goti limeachana na usukani kiasi gani kabla hujatoa hela mfukoni.

Kisha iangalie siti yenyewe. Sponji ikishachoka upande wa mbele, siti inakuwa na mteremko, unateleza kuelekea tenki siku nzima na mikono ndiyo inayokuzuia. Mpelekee fundi siti, aweke sponji ngumu, aiinue mbele sentimita tatu au nne ili iwe tambarare. Asizidishe, maana kila sentimita unayopanda wewe, usukani unakuwa umeshuka sentimita hiyohiyo. Ndiyo sababu siti hutangulia na usukani hufuata. Watu wengi wanaanza kinyume, halafu wanalipa mara mbili.

Siti ikikaa sawa, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa na ufunike tenki kwa kitambaa. Weka alama ya kalamu pale bomba linapoingia kwenye vibano vyake. Legeza bolti nne bila kuzitoa, uuzungushe usukani kidogo, milimita tano tu kwa kuanzia. Ukiuzungusha kuja kwako unapunguza kujinyoosha, lakini pia unalisogelea goti. Kwa urefu wako nategemea utaupeleka mbele kidogo. Kaa, fumba macho, nyoosha mikono ushike. Pale mikono inapofika bila wewe kuitafuta, ndipo pako.

Usisahau mikono ya breki na klachi, maana imezunguka pamoja na usukani. Ilegeze, ipange upya mpaka vidole vikinyooka vifuate mstari wa mkono kutoka kwenye kiwiko. Kifundo kisipinde juu wala chini. Kama breki yako ya mbele ni ya diski, kikopo cha mafuta ya breki kibaki kimelala sawa.

Bado unauona uko chini? Hapo ndipo ununue vipande vya kupandishia, vile vinavyokaa kati ya usukani na kitako chake. Chukua vya bomba la milimita 22, vya kuinua milimita 20 au 30, vyenye bolti zake ndefu. Inchi tatu za huyo fundi ni karibu milimita 76, na waya zako hazina urefu huo. Usukani mpana wa porini nao unadai waya ndefu zaidi, na kwenye foleni utagonga vioo vya magari. Kwa kazi yako siupendi.

Kuhusu waya nakuomba uwe makini sana. Mwaka 2014, hapa Morogoro, nilimpandishia usukani mteja mrefu kama wewe. Nilikaza kila kitu, nikamkabidhi, lakini sikuugeuza mpaka mwisho injini ikiwa inawaka. Alipokata kona kuingia getini kwake waya wa mafuta ukajivuta wenyewe, pikipiki ikaruka ukutani, akavunjika mtulinga. Nilipokwenda kuiangalia niliukuta waya umebanwa nyuma ya taa, kava lake jeusi limekazwa mpaka likawa jeupe pale linapopinda. Kosa lilikuwa langu, na nilikwenda kumwambia hivyo hospitalini.

Kwa hiyo ukimaliza, washa injini pikipiki ikiwa kwenye stendi, gia ikiwa huru, usiguse mafuta. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, waya ni mfupi au umepita vibaya, usiondoke. Mkono wa klachi ubaki na luzi, yaani ulegevu kabla haujaanza kuvuta, ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, ukigeuza pande zote mbili. Ukiwa umegeuza, zungusha mshikio wa mafuta kidogo kisha uuachie: urudi wenyewe, upesi. Tazama pia waya za umeme zisikazwe, na vidole vyako visibanwe kwenye tenki.

Kaza bolti kidogokidogo kwa zamu, halafu uzikaze tena baada ya siku moja ya kazi. Na ganzi ikiendelea wiki mbili baada ya hapo, au ikikuamsha usiku, nenda hospitali wakupime huo mkono.