Saratani ya koo: jibu likisema p16 chanya, uliza kwanza

Baba mdogo wangu analima tumbaku Urambo na sigara kavuta tangu ujana. Alipotokwa na uvimbe shingoni, usiouma, nyumbani tukasema mafindofindo. Kilipochukuliwa kinyama, jibu likaja: saratani ya findo, p16 chanya, yaani inahusishwa na kirusi. Shangazi kusikia "chanya" na "kirusi" kwa mpigo, akaangua kilio. Hadi jioni ukoo mzima ulishaamua kuwa mgonjwa ana UKIMWI.

Hapana. Kirusi kinachotajwa hapo ni HPV, hasa aina ya 16, kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. p16 ni protini inayojaa kwenye seli zilizoharibiwa na kirusi hicho, na maabara huipima kwenye kinyama kilichokwisha kuchukuliwa. Kwa saratani ya findo au shina la ulimi, chanya ni habari njema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka 3, wenye HPV waliokuwa hai ni 82%, wasio nayo 57%.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa sigara inaipunguza nafuu hiyo. Baba mdogo alishaanza kuichukua ile chanya kama ruhusa ya kuendelea kuvuta. Nikamwambia, "Baba, tumbaku iuze, usiivute." Alinuna siku nzima. Wala chanya haimaanishi upunguziwe mionzi. Ratiba ni ileile, hata mate yakikauka na ugali ukakataa kupita.

Cha muhimu ni kujua saratani imekaa wapi. Ikiwa nyuma ya pua, kirusi kinachofuatiliwa mara nyingi ni kingine, kiitwacho EBV, na hicho hupimwa kwenye damu. Huko mambo hugeuka: chembe zake zikiwa nyingi kabla ya tiba si dalili nzuri, na zikibaki baada ya mionzi, madaktari huhofia ugonjwa kurudi. Kwenye zoloto, sauti inapotokea, p16 haina uzito huo.

Kwa hiyo mkipewa rufaa kutoka hospitali ya Kitete, Tabora, kwenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, msibebe karatasi ya majibu peke yake. Ombeni maabara kile kipande cha kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, pamoja na vioo vyake vya hadubini. Kama p16 haijapimwa, kitapimwa hichohicho, na mgonjwa hatakatwa tena.