Maswali ya Wasomaji: Kumwandaa Pokémon kwa Mashindano

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza namna ya kumfunza Pokémon, yaani kiumbe wa kupambana katika michezo ya video ya jina hilo, mpaka awe tayari kwa mapambano ya ushindani. Majibu yafuatayo yanahusu michezo ya Scarlet na Violet iliyotoka mwaka 2022, na hasa mashindano rasmi ya wawili kwa wawili, ambamo kila mchezaji huja na Pokémon sita, huchagua wanne wa kuingia uwanjani, na wote huhesabiwa kuwa wa kiwango cha 50.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza hadithi nzima ya mchezo na timu yangu yote imefika kiwango cha 100. Hata hivyo, nikikutana na wachezaji wengine kwenye intaneti, Garchomp wangu hutanguliwa na kushindwa na Garchomp wao, ingawa ni jamii ileile. Tofauti hiyo inatoka wapi, nami nianzie wapi kuiondoa? (Msomaji anayeanza)

JIBU: Kiwango cha 100 hakikufaidii kitu katika mapambano haya, kwa sababu mchezo humrudisha kila Pokémon kwenye 50 kabla pambano halijaanza. Kinachobaki kuwatenganisha Garchomp wawili ni mambo matatu: vipaji vya kuzaliwa, ambavyo wachezaji huviita IV, tabia, na alama za mafunzo, yaani EV.

Mawili ya kwanza siku hizi hayasumbui. Vipaji huanzia 0 hadi 31 kwa kila mojawapo ya sifa sita, yaani uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi, na Pokémon aliyefika kiwango cha 50 anaweza kupandishwa hadi ukomo kwa vizibo vya chupa. Tabia ziko 25. Tano kati yake hazibadilishi chochote, na kila moja ya zile 20 zilizobaki huongeza sifa moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa asilimia 10. Tabia isiyofaa hurekebishwa kwa majani ya mnanaa yanayopatikana ndani ya mchezo.

Kazi yenyewe iko kwenye alama za mafunzo. Pokémon mmoja anaweza kubeba alama 510 kwa jumla, na sifa moja haipokei zaidi ya 252. Kila adui anayeshindwa humwachia mshindi alama za aina fulani, na hapo ndipo Garchomp wako alipoharibikiwa: katika safari nzima ya hadithi amepigana na kila aliyemkuta njiani, alama zake zikatapakaa huku na kule, kidogo kwenye ulinzi maalumu, kidogo kwenye uhai, na nyingine kwenye shambulio maalumu ambalo yeye halitumii kabisa.

Katika kiwango cha 50, sifa yenye kipaji cha 31 hupanda kwa nukta moja inapopata alama 4 za kwanza, kisha nukta moja zaidi kwa kila alama 8 zinazofuata, hivyo alama 252 huleta nukta 32 kamili. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowaponyoka wengi wanaotumia vitamini, yaani dawa za mchezoni zinazoongeza alama hizi. Vitamini moja hutoa alama 10. Anayempa Pokémon vitamini 25 humfikisha 250 na kudhani amemaliza, kumbe nukta ya mwisho bado haijapatikana. Ni vitamini ya 26, inayoongeza alama 2 tu, ndiyo inayoileta. Ukishajaza sifa mbili unabaki na alama 6, ambazo 4 zitakupa nukta moja mahali pengine na 2 hazina kazi.

Sasa turudi kwa Garchomp. Msingi wa kasi wa jamii yake ni 102. Ukimpa alama 252 za kasi pamoja na tabia ya Jolly, inayoongeza kasi, atafika 169. Ukimpa alama zizo hizo na tabia ya Adamant, inayoongeza shambulio, kasi itabaki 154, lakini shambulio lililojazwa litapanda kutoka 182 hadi 200. Charizard, ambaye msingi wake wa kasi ni 100, akifunzwa kwa ukamilifu hufika 167. Kwa hiyo Garchomp wa Jolly humtangulia Charizard kwa nukta mbili, naye wa Adamant huachwa nyuma mbali. Hakuna kati ya Garchomp hao wawili aliye bora kwa kila hali. Ninachokuomba ni kwamba, kabla hujafungua mfuko wa vitamini, uamue ni nani hasa unayetaka Garchomp wako amtangulie, maana jibu hilo ndilo linalochagua tabia na alama zake.

Kwa utaratibu wa kazi, chukua Garchomp mwingine ambaye hajapigana. Mpandishe kwa peremende za uzoefu, kwa kuwa hizo hazimwachii alama zozote za mafunzo, halafu ndipo umpe vitamini.

SWALI: Kila Pokémon wangu nimemgawia 252 katika sifa mbili, kama nilivyofundishwa na wenzangu. Incineroar wangu, ambaye kazi yake ni kudumu uwanjani na kumsaidia mwenzake, bado huanguka mapema. Je, mgawo huo una kasoro? (Mchezaji wa muda mrefu)

JIBU: Mgawo wa 252 mara mbili unamfaa mshambuliaji wa haraka, na nimeshangaa kuona wachezaji wenye uzoefu wakiuhamishia kwa kila Pokémon bila kuuliza. Pokémon wa kusaidia anahitaji kustahimili mapigo fulani yanayojulikana, na mapigo hayo yanaweza kukokotolewa.

Tuchukue pigo moja tu. Garchomp wa Adamant mwenye shambulio 200 anatumia Earthquake, pigo la aina ya ardhi, na Incineroar wako hana alama yoyote ya ulinzi, kwa hiyo ulinzi wake ni 110. Katika pambano la wawili kwa wawili pigo hilo huwafikia wengi kwa pamoja, hivyo nguvu yake hupunguzwa kwa robo. Hata hivyo, Incineroar ni wa aina ya moto, na aina hiyo huumizwa maradufu na pigo la ardhi. Mchezo huingiza bahati nasibu ndogo katika kila pigo, nayo madhara huwa kati ya 152 na 182, bila kuhesabu pigo la bahati mbaya linalozidi kawaida. Incineroar asiyefunzwa uhai ana 170, basi mara nyingine atapona na mara nyingine ataanguka. Akijazwa alama 252 za uhai ana 202, atapona kila mara na kubaki na ziada ya 20 ambayo kwa pigo hili haikuhitajika. Akipewa alama 100 tu, uhai wake unakuwa 183, na pigo zito kuliko yote la Garchomp huyo humwacha na 1.

Hiyo 1 ndiyo ninayotaka uione. Umetumia alama 100, na 410 zimebaki mkononi mwako za kuelekeza kwenye ulinzi maalumu dhidi ya adui mwingine, au kwenye kasi ili umtangulie Incineroar wa upande wa pili. Mtu anaweza kuuliza habari za Intimidate, uwezo wa Incineroar unaoshusha shambulio la maadui. Uwezo huo hufanya kazi pale tu anapoingia uwanjani. Garchomp akiingia baada yake, anakuja na shambulio lake kamili, na ndiyo maana nimekokotoa bila kuuhesabu.

Usihangaike kufanya hesabu hizi kwa kalamu. Viko vikokotoo vya madhara kwenye intaneti ambavyo unavijaza tu majina, tabia na alama. Kazi ngumu ni kuchagua mapigo mawili au matatu ambayo Pokémon wako akiyastahimili, timu nzima inapata zamu moja zaidi. Faida yake ni kubwa kwa sababu, katika mashindano ya ana kwa ana ya michezo hii, wachezaji hupeana orodha za timu zinazoonyesha mbinu, kifaa anachoshika kila Pokémon, uwezo na aina yake ya Tera (ile anayoweza kugeukia katikati ya pambano), lakini tabia na mgawo wa alama za mafunzo havionyeshwi. Mpinzani wako anaona kila kitu isipokuwa kazi hii uliyoifanya kwa uvumilivu.

Ningependa pia umkumbuke Pachirisu wa Se Jun Park wa Korea Kusini, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014. Pachirisu ni kiumbe mwenye msingi mdogo wa nguvu, ambaye karibu kila mtu alikuwa amempuuza. Park alimfunza kwa ajili ya kuishi tu: mbinu yake ya Follow Me iliyavuta mapigo ya maadui kwake, na mwenzake mwenye nguvu akabaki huru kushambulia. Alama zake ziliwekwa kwa kazi, wala hazikuwekwa kwa mazoea.

SWALI: Nimeona timu za washindi zikiwa na Torkoal mwenye kipaji cha kasi cha 0, na washambuliaji maalumu wenye kipaji cha shambulio cha 0. Kwa nini mtu atafute kipaji kibovu kwa makusudi? (Msomaji mdadisi)

JIBU: Kwa sababu ya mbinu iitwayo Trick Room, ambayo kwa zamu tano, pamoja na ile inayotumika kuianzisha, huugeuza utaratibu wa uwanja ili mwenye kasi ndogo atangulie. Torkoal ana pigo la Eruption, lenye nguvu 150 akiwa na uhai kamili, na nguvu hiyo hupungua kadiri anavyoumia. Ni lazima apige kabla hajapigwa.

Torkoal asiyefunzwa kasi, mwenye kipaji cha 31 na tabia isiyogusa kasi, ana kasi ya 40. Mwenye kipaji cha 0 na tabia inayopunguza kasi ana 22. Mbele yake pengine yuko Amoonguss aliyeandaliwa vivyo hivyo, ambaye kasi yake hushuka hadi 31. Ndani ya Trick Room, Torkoal wa 40 atalazwa usingizi kwa Spore kabla hajafanya lolote, ilhali wa 22 atakuwa amekwisha kulipua. Vizibo vya chupa havitakusaidia hapa, kwani hupandisha tu na havishushi. Itakubidi kumzalisha kwa wazazi wanaofaa. Mzazi mmoja ashike Destiny Knot ili mtoto arithi vipaji vitano vya wazazi, na mwingine ashike Everstone ili arithi tabia.

Ama kuhusu shambulio la 0, mshambuliaji maalumu hatumii shambulio la kawaida kabisa, lakini maadui wanaweza kulitumia dhidi yake. Pigo la Foul Play hukokotolewa kwa shambulio la anayepigwa, na Pokémon aliyechanganyikiwa hujiumiza kwa shambulio lake mwenyewe. Likiwa dogo, anaumia kidogo.

SWALI: Nimempa Pokémon wangu vitamini zisizo zake. Je, amekwisha kuharibika? (Mwenye haraka)

JIBU: La. Yapo matunda sita, na kila moja hupunguza alama 10 za sifa yake: Pomeg uhai, Kelpsy shambulio, Qualot ulinzi, Hondew shambulio maalumu, Grepa ulinzi maalumu, na Tamato kasi. Aliye na nyongeza ya The Teal Mask ya mwaka 2023 anaweza pia kutumia Fresh-Start Mochi, inayofuta alama zote kwa pamoja. Kabla na baada ya kusahihisha, fungua ukurasa wa sifa za Pokémon na ubonyeze kitufe cha L. Mchoro utakaotokea utakuonyesha alama zilikokwenda.

SWALI: Kijana wangu anaupenda sana mchezo huu na anataka kushiriki mashindano. Ananiomba nimnunulie kwenye mtandao Pokémon waliokwisha kukamilishwa, akisema kuwafunza mwenyewe kunamchukulia muda. Je, inaruhusiwa? (Mzazi)

JIBU: Ndugu mzazi, nakusihi usinunue. Wengi wa Pokémon wanaouzwa hivyo hawakukamatwa wala kuzalishwa na mtu; wametengenezwa kwa programu za nje, jambo ambalo kanuni za mashindano hukataza. Ukaguzi upo, na ni wa kweli: katika mashindano ya dunia ya mwaka 2023 yaliyofanyika Yokohama, wachezaji kadhaa waliondolewa baada ya Pokémon wao kushindwa kupita ukaguzi. Mtoto anaweza kuondolewa kwa kosa la muuzaji asiyemjua, na kisingizio cha kutojua hakitamrudisha mezani.

Lalamiko lake la muda, hata hivyo, lina ukweli, nami nisingependa ulipuuze. Mchezo wenyewe umempa njia halali: wachezaji hutoa namba za siri za timu zao ili wengine waziazime na kuzitumia katika mapambano ya madaraja kwenye intaneti. Mwache aazime timu mbili tatu, acheze nazo mpaka ajue ni Pokémon gani anaowaelewa na ni mapigo gani yanayomwangusha mara kwa mara. Kisha amfunze mmoja wa kwake, kwa peremende na vitamini kama tulivyoeleza kwenye barua ya kwanza, na kumwingiza katika timu yake kabla hajaanza wa pili.