Karlovy Vary: maji ya moto pale ni ya kunywa kwanza, kuogelea baadae

Watu wakisikia mji wa chemchemi za maji moto akili inakimbilia bwawa, taulo na selfi umezama mpaka shingoni. Kama unatafuta hicho nenda Budapest bwana, utafurahi. Karlovy Vary kule Ucheki ni habari nyingine, watu tangu zamani wanaenda kunywa, yaani unatembea taratibu na kikombe kutoka bomba hadi bomba, unapiga funda, unapumzika, unaendelea. Bafu na mabwawa yapo, ila mengi ni ya mahotelini na unalipia, wakati maji ya kunywa barabarani ni bure.

Kutoka Prague ni basi la kama masaa mawili hivi. Mi nashauri ulale hata usiku mmoja, maana wageni wa kutwa ndo wanajaza ile njia ya kando ya mto mchana kutwa, asubuhi mapema unakuta wazee waliokuja kwa matibabu tu, wapole, kila mtu na kikombe chake.

Kikombe chenyewe ni cha kauri na kina mkono wenye tundu ndani, unanyonya kupitia hapo kwa hiyo maji yanaingia kidogokidogo. Nunua cha kawaida, vile vya kunakshiwa dhahabu waachie wenye hela zao. Ladha? Chumvi na chuma, na ni ya moto, usitegemee utamu.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Maji yale yana salfeti ya sodiamu, chumvi ileile inayotumika kulainisha tumbo, na haiwi na huruma. Mgeni anaona ya bure anapiga vikombe vitatu vinne fasta fasta kama maji ya dafu, nusu saa baadae anauliza choo kwa lugha ya ishara. Onja funda mbili tatu, tembea, sikiliza mwili. Na weka sarafu mfukoni maana vyoo vya umma kule mara nyingi ni vya kulipia. Mwenye presha, figo au mjamzito aongee na daktari wake kwanza, sio utani.

Chemchemi ya Vřídlo ndo baba lao, maji ya nyuzijoto kama 72 yanaruka hadi mita 12 ndani ya jengo, mvuke umejaa kote. Ina madini mengi mpaka wanatumbukiza maua ya karatasi humo na baada ya muda yanatoka jiwe la kahawia, yanauzwa kama zawadi, mepesi kubeba kuliko kauri. Ila kwa uzuri wa jengo mi nachagua Mlýnská kolonáda, yaani baraza refu la nguzo, ya msanifu majengo Josef Zítek iliyokamilika 1881, nguzo 124 na chemchemi tano chini ya paa moja, hata mvua ikinyesha unakunywa tu.

Becherovka, ile pombe ya mitishamba iliyoanza 1807, wenyeji kwa utani wanaiita chemchemi ya 13, eti inafuata zile 12 za maji ya kunywa. Ni kali, usichanganye na maji siku hiyohiyo kama tumbo lako ni la kubembeleza.

Mwanzoni mwa Julai kuna tamasha kubwa la filamu, vyumba vinapanda bei na kuisha, kama filamu sio mambo yako sogeza safari hadi Septemba.